Wiki ya Kahawa Sipi: Shajara ya Kambi ya Watoto Mlimani Elgon

Jumamosi: Kampala hadi Sipi

Kosta, basi letu dogo, ilikuwa iondoke saa kumi na mbili asubuhi. Tukaondoka saa mbili kasoro, baada ya baba mmoja kurudi Ntinda kufuata sweta ya mwanawe. Walioshika muda walinung'unika, lakini kufikia usiku hakuna aliyemlaumu tena. Huku baridi haina mzaha.

Tuna watoto wa miaka tisa hadi kumi na sita. Wengi ni wa Kampala, wawili wametoka Bombo, na ndugu watatu wa Malaba watatungoja Mbale. Mratibu wa kambi aliniomba nije kwa sababu nafundisha Kiswahili. Familia inayotupokea ni ya Wasabiny, na watoto wa Kampala hawajui neno la Kupsabiny, kama vile wenyeji wasivyojua Luganda. Kwa hiyo wiki nzima lugha ya kazi ni Kiswahili. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, nami tangu hapo nimekisikia sana kwenye hotuba. Ningependa kukisikia shambani pia.

Baada ya miwa ya Lugazi unaingia Mabira. Ni kilomita za mraba 300 hivi za msitu, ila barabarani unaukata upesi mno, na mtoto akiinamia simu haoni hata mti. Niliwasimulia jinsi mwaka 2007 serikali ilivyotaka kukata sehemu ya msitu huu ipandwe miwa, watu wakaandamana Kampala na mpango ukasimama. Binti wa miaka kumi na moja aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Sasa mwalimu, sukari tutatoa wapi?" Hilo ndilo swali ambalo watu wazima huliruka. Nikampa jibu refu, akalala kabla sijamaliza.

Najjembe tulisimama kula kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi tamu, za kuchoma. Jinja watoto walitaka kupiga picha kwenye daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018 lenye urefu wa mita 525. Dereva aliwakumbusha kwamba hapo hakuna kusimama. Kutoka Iganga tulishika barabara ya Tirinyi, na kwenye mabwawa ya Mpologoma tukaanza kumtafuta korongo taji, ndege wa kwenye bendera yetu. Hutaga mayai kwenye vinamasi, na vinamasi vya hapa sasa ni mpunga mtupu hadi macho yanapoishia. Hatukumwona hata mmoja. Mvulana mmoja alisema amemwona, ikawa ni mfuko wa plastiki.

Mbale tuliwachukua watoto wa Malaba na kukusanya simu zote kwenye sanduku la bati. Kilio kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Kisha Sironko, Muyembe, na baada ya hapo barabara inapanda kwa kona mpaka masikio yanaziba. Tulifika giza limeshaingia, tukala posho, yaani ugali, na maharage, tukalala na soksi miguuni.

Jumapili

Siku ya ibada, kupanga vitanda na kusomewa masharti. Hakuna kwenda mtoni bila mtu mzima. Hakuna kugusa mizinga ya nyuki. Choo kiko nje, na tochi ziko mlangoni.

Mwenye shamba ni mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini: kifupi, hakina salamu ndefu, kila kitenzi ni amri. "Simama. Tazama. Usiguse." Watoto walimwogopa saa moja tu, halafu wakaanza kumwita Jajja kama wanavyowaita babu zao Kampala, naye akaitika. Mkewe ni Mgisu wa Sironko, mwenye maneno mengi, na ndiye mkubwa halisi wa boma hili.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko. Mibuni ya arabika imepandwa chini ya migomba, na juu ya migomba kuna miringaringa ya kivuli. Ukiwa mgeni unaona kichaka tu. Mzee alitupitisha ngazi kwa ngazi akieleza kwamba mringaringa unadondosha majani yanayolisha udongo, mgomba unalisha watu, na kahawa ndiyo inayolipa ada za shule. Ng'ombe wawili wanafugwa zizini na kuletewa majani. Samadi yao inarudi kwenye migomba.

Ratiba ya mratibu imebandikwa ukutani, imepigwa chapa kwa rangi. Kesho: kuchuma kahawa saa mbili mpaka saa sita, chakula, kisha maporomoko ya maji ya Sipi saa nane. Mzee aliisoma yote polepole, akavua miwani, hakusema kitu.

Jumatatu

Kuchuma kahawa kunaonekana kazi ya kitoto mpaka ufunge kikapu kiunoni. Unachuma lililoiva tu, jekundu lote, moja moja. Ukikwanyua tawi zima unaondoka na mabichi, na tawi linaweza kuvunjika. Kwa hiyo mti mmoja huurudia mara kadhaa msimu mzima, maana matunda hayaivi pamoja.

Wakubwa walianza kwa mashindano. Kijana wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko mimi, alirudi wa kwanza na kikapu kimejaa. Mzee akakimwaga juu ya turubai. Nusu ilikuwa ya kijani na njano. "Chagua," akamwambia, akamwacha amekaa hapo chini na rundo lake huku wadogo wakipita na vikapu vya robo vilivyo vyekundu tupu. Yule kijana alichagua mpaka mwisho. Nilichopenda ni kwamba mzee hakumwonea huruma ya wageni. Nimewahi kwenda kambi za watoto ambako wanapewa jembe, wanapigwa picha, halafu kibarua anakuja nyuma yao kurudia kazi. Watoto hujua, hata wasiposema.

Saa sita mratibu alipiga filimbi ya chakula. Saa nane akapiga ya maporomoko. Mzee ndipo alipozungumza: kahawa iliyochumwa leo inamenywa leo. Ikilala na ganda lake huanza kuchacha ndani kwa ndani, na ladha inaharibika. Mratibu akaeleza kwamba mwongoza wageni ameshalipwa. Mzee akasema maporomoko hayajahama tangu azaliwe.

Maporomoko yakasogezwa kesho.

Basi tukamenya. Kwanza matunda yanamwagwa kwenye pipa la maji. Yanayoelea huondolewa, kwa kuwa ni matupu au yametobolewa na wadudu. Watoto walipenda hapa kuliko kote, wakavua yaliyoelea kwa vichujio mpaka mikono ikakunjamana. Halafu mashine ya mkono: mmoja anazungusha gurudumu, mmoja anamimina matunda na maji juu, punje nyeupe zenye utelezi zinatoka upande huu na maganda mekundu upande ule. Maganda yanapelekwa kwenye migomba. Mzee aliwauliza wakisie kilo 6 za matunda hutoa kilo ngapi za kahawa kavu. Wakasema 5, wakasema 4. Ni kilo moja hivi. Yule kijana mrefu akatazama kikapu chake kana kwamba kimemwibia.

Punje zikaingizwa kwenye pipa kubwa lenye mfuniko zivundikwe, ule utelezi ulainike. Zitakaa muda gani? Binti wa swali la sukari aliuliza, na mzee akasema: "Mpaka ziwe tayari." Mahali penye joto ni usiku mmoja. Hapa, kwa baridi hii, inaweza kuwa siku na nusu. Hakuna saa ya kuziangalia. Unaingiza mkono, unasugua. Zikiteleza bado, zikikwaruza kama kokoto tayari.

Jumanne

Asubuhi mapema, kabla jua halijavuka ukingo wa mlima, kundi la vijana walipita barabarani wakikimbia, kimya, pumzi tu. Watoto wa Kampala walitoka na blanketi mabegani kuwatazama. Hii ndiyo nchi ya Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 kule Monaco mwaka 2020. Ya Peruth Chemutai wa Bukwo pia, Mganda wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya Olimpiki, mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, michezo ya Tokyo. Wasichana walidai kujaribu. Tukapima umbali mpaka kanisani na kurudi. Mshindi alikuwa mmoja wa ndugu wa Malaba, aliyekimbia na kandambili. Waliobaki waliketi njiani wakilaumu hewa, na kusema kweli hewa ya huku nyembamba haimpi mtu wa bondeni nafasi.

Kisha maporomoko. Sipi ni matatu, na lile kubwa la chini linaanguka karibu mita 100 kutoka kwenye jabali. Njia ya kushuka ni ya udongo na ngazi za miti. Chini kabisa maji hayaonekani kama maji, ni ukungu unaokulowesha hata ukisimama mbali. Vijana walitaka kuogelea, mwongoza wageni akakataa, nami nikakataa kwa sauti kubwa zaidi. Mawe yana ukoga wa kijani na mkondo una nguvu. Wakanuna dakika kumi.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na miamba yake imejaa mapango. Mwongoza wageni aliwaonyesha moja, akaeleza kwamba zamani Wasabiny walijificha humo pamoja na ng'ombe wao nyakati za uvamizi. Mtoto mmoja wa Bombo akauliza ng'ombe walikuwa wanakunywa nini humo ndani. Mwongoza wageni akasema katika miaka yote ya kazi hiyo hajaulizwa hivyo, akaahidi kumuuliza baba yake.

Jioni mratibu alikuwa na furaha, maana siku ilikwenda kama ilivyoandikwa. Lakini watoto, kabla ya kula, walikwenda kwenye pipa. Kila mmoja aliingiza mkono. "Bado zinateleza," wakapeana ripoti kama madaktari wa zamu.

Jumatano

Saa tisa usiku nilisikia mlango ukigongwa. Binti wa sukari, na tochi mdomoni. "Mwalimu, zinakwaruza."

Nilimwambia akalale. Akasema Jajja ameshaamka na anachemsha chai. Nikatoka, nikamkuta mzee kweli amesimama kando ya pipa na koti lake la jeshi, mkono mmoja ndani. Akatikisa kichwa kukubali. Kufikia saa kumi na moja alfajiri watoto karibu wote walikuwa nje, bila filimbi ya mtu, wamejipanga wenyewe: hawa wanateka maji, hawa wanasukuma punje kwa mbao kwenye mfereji, hawa wanaondoa maganda yaliyobaki. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Zinaoshwa mara ya kwanza, maji yanamwagwa, ya pili, ya tatu, mpaka punje zinalia zikigongana.

Maji machafu hayarudi mtoni. Yana uchachu, na yakioza yanakula hewa ya majini hata samaki na wadudu wanakufa. Kwa hiyo kuna shimo lake lililochimbwa mbali na kijito. Kijana mrefu alibeba ndoo za shimoni peke yake, nyingi, bila kuambiwa. Jua lilipotoka, kahawa yote ilikuwa imetandazwa kwenye vichanja vya wavu, na watoto wakawa wanaokota punje zilizovunjika huku wanasinzia.

Ratiba ilisema: saa tatu, somo la bioanuwai. Mratibu aliwatazama, akaenda mwenyewe kuibandua ile karatasi. Walilala mpaka saa saba.

Mchana ule hapakuwa na lolote la kufanya, na nataka kuueleza kuliko maporomoko. Hakuna simu, hakuna mchezo uliopangwa, mratibu yuko Kapchorwa kununua mchele. Nusu saa ya kwanza walilalamika. Nusu saa ya pili walirusha mawe. Halafu mdogo wetu wa miaka tisa akapiga kelele kwenye ua, kila mtu akakimbia: kinyonga, juu ya mti wa mpaka. Wa Kampala wakarudi nyuma wote, kwa kuwa wameambiwa nyumbani kwamba kinyonga ni mkosi na akikugusa umekwisha. Mama mwenye nyumba akamwacha apande mkononi mwake huku akiendelea kuongea juu ya bei ya sabuni. Wakasogea. Walimtazama kinyonga yule muda mrefu sana, jinsi jicho moja linavyotazama mbele na jingine nyuma, jinsi anavyoyumba kabla ya kila hatua, na ulimi ulipotoka kumnasa nzi waliruka kwa pamoja. Waliokuwa na daftari wakachora. Hakuna somo la bioanuwai ambalo lingewaweka hapo muda wote huo, na mimi ni mwalimu, nina haki ya kulisema.

Alhamisi

Leo miti. Mzee alitupeleka mpaka wa juu wa shamba, mahali ambapo mteremko ni mkali hata mbuzi anafikiria mara mbili. Huko amechimba makinga maji, mitaro inayoambaa na mlima ili mvua isikimbie moja kwa moja chini. Ukingoni mwa mitaro amepanda majani ya ng'ombe, ambayo mizizi yake inashika udongo. Tulizibua mitaro iliyojaa mchanga na kupanda miche ya miringaringa.

Alipopumzika alituonyesha upande wa kusini kwa fimbo na kuwaambia watoto habari za Bududa, kule Machi 2010 mlima ulipokatika juu ya kijiji cha Nametsi na kufunika mamia ya watu. Na za Bulambuli, jirani yetu hapa, Novemba 2024, siku tulizokuwa tukisikiliza redio usiku kucha. Udongo wa volkano una rutuba, ndiyo maana watu wamejaa. Watu wakijaa, miti inakatwa na mteremko unalimwa mpaka juu. Ikija mvua ya siku nyingi mfululizo, udongo unalewa maji na kuachia.

Mtoto mmoja akauliza kwa nini watu hawahami. Wengine wamehama, mzee akasema, serikali imewajengea nyumba Bunambutye, kule tambarare. "Lakini arabika haitaki tambarare. Nikihama nitalima mahindi, na shamba hili nitamwachia nani?" Hakungoja jibu. Akamkabidhi mche mwingine, akamwonyesha shimo.

Sikuona haja ya kuwalainishia habari hizi. Mratibu alinong'ona kwamba wadogo wataota ndoto mbaya. Waliota chakula, kama kawaida.

Ijumaa

Mizinga ya nyuki tuliiona kwa mbali tu. Mzee alisema hali ya hewa imewaudhi, na hakuna aliyetaka kuhakikisha.

Jioni mama alitupikia malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya msitu wa Elgon yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa magumu kama kuni. Yanalowekwa, yanachemshwa na magadi kwa muda mrefu, halafu yanaungwa kwa karanga zilizosagwa. Harufu ya moshi inabaki. Wa Bombo walimaliza, wa Kampala walikula karanga na kuacha mianzi, wa Malaba walimaliza za wa Kampala.

Baada ya chakula akakaanga kahawa ya msimu uliopita kwenye sufuria kuu, akaitwanga kwenye kinu, akawapa wakubwa vikombe vidogo. Wengi hawajawahi kuonja, na hata nyumbani humu kinachonywewa kila siku ni chai ya maziwa. Kijana mrefu alikunja uso, akaongeza sukari vijiko vinne, akamwangalia yule binti na kusema, "Basi Mabira ikatwe tu." Alirushiwa kandambili.

Jumamosi: kurudi

Asubuhi ndipo matatizo ya barua yalipojitokeza. Mratibu alikuwa amewaandikia wazazi kwamba kila mtoto atarudi na pakiti ya kahawa "aliyoichuma mwenyewe". Kahawa waliyoichuma iko kwenye vichanja, ina siku tatu za jua. Inahitaji kama wiki mbili, ikigeuzwa mchana na kufunikwa usiku na kila mawingu yakija, mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 12. Ikifungwa sasa itaota ukungu. Mratibu akapendekeza pakiti za msimu uliopita. Mzee akasema atauza, kahawa nzuri, lakini hatasema ni ya watoto. Na watoto, walipoulizwa, wakasema hata wao hawataki. Wanataka ile yao. Kwa hiyo wameacha orodha ya majina, na mzee atamkabidhi dereva wa basi mfuko ikikauka. Wazazi watasubiri.

Njiani, mimi na mratibu tulibishana kuhusu kambi ijayo kuanzia Sironko mpaka Mukono. Yeye anataka kuongeza kamba ya kuvukia bonde na siku ya kupaka nyuso rangi, kwa sababu mzazi hulipia anachokiona kwenye karatasi. Mimi nataka apunguze vitu viwili kila siku na asiandike saa yoyote baada ya chakula cha mchana. Hatukuelewana. Foleni ya Mukono ilipotukamata alichoka, akasema niandike mwenyewe barua ya wazazi ya safari ijayo, yeye ataisaini.

Nitaiandika wiki hii. Cha kwanza ni viatu: gambuti, si raba nyeupe. Cha pili, sweta mbili, na mzazi aziweke kwenye begi usiku, si asubuhi ya safari.